Raba Nyeupe za Kwenda Mlimani

Ile siku huwa inanirudia kila baridi ya Julai inapoanza kuuma masikio, mwanangu Limi. Nilikuwa nimekaa chini katikati ya barabara ya vumbi, na kitenge changu cha sare, miguu wazi. Raba zangu nyeupe nilikuwa nimezivua na kuzipanga juu ya boneti ya gari la Mwenyekiti wa kamati ya hija, moja pembeni ya nyingine, kama mtu anayepanga bidhaa mnadani. Mwenyekiti alikuwa ndani ya gari, injini inaunguruma. Nikamwambia, "Piga honi mpaka betri iishe. Mimi hapa sinyanyuki mpaka mama mkwe wangu avae viatu vyake."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipofika mwisho. Sikujua kama unaweza kuniishia hadharani namna ile, mbele ya wazee, mbele ya msalaba wa maandamano, mbele ya ng'ombe waliokuwa wanasubiri kuvuka. Uliisha, na wala sikuutafuta.

Kutoa nasaha ni kazi ya wazee, najua. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na shule yangu iliishia kidato cha nne. Lakini habari ya viatu nimeilipia kwa kucha za vidole gumba vyote viwili, na bibi yako nusura ailipie kwa mguu mzima. Kwa hiyo siku utakapoweza kusoma haya, yasome taratibu, na kama umevaa viatu vipya, vivue kwanza.

Mambo yalianza na wewe mwenyewe. Ulizaliwa kabla ya wakati wako, saa ya jua kali, ndiyo maana ukaitwa Limi, jua kwa Kisukuma chetu. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba baba yako aliogopa kukushika kwa mikono yake ya kuchimba, akasema anaona kama atakuvunja. Madaktari walikuweka kwenye kile kisanduku cha joto, sisi tukakaa nje. Bibi yako Milembe, mama yake baba yako, akapiga magoti kwenye korido ya hospitali na kusema kwa sauti, manesi wote wakisikia, kwamba ukipona atakwenda mlimani kwa miguu yake, mwezi wa saba, kwenye baridi, kama walivyokwenda wazee waliotutangulia kigangoni kwetu. Hapandi basi wala bodaboda. Kwa miguu yake. Na mimi nikasema nitakwenda naye. Baba yako akasema yeye atabaki nyumbani kukuangalia, hiyo ndiyo itakuwa hija yake.

Ukapona. Tukangoja uache ziwa, tukangoja ujue kutembea. Katika kungoja huko bibi yako akagundulika ana sukari. Nesi wa kliniki alikuwa mama asiyezunguka. Alimwambia, "Bibi, wewe sasa mguu wako ndiyo mali yako. Kidonda kidogo tu hapo chini kikigoma kupona, tutaanza kuzungumza habari za kukata." Bibi yako akaitikia kwa adabu. Tulipofika nje akaniambia, "Nimesikia. Lakini niliahidi kabla ya sukari."

Kwa hiyo ugomvi wetu nyumbani, miezi mizima kabla ya safari, ulikuwa viatu tu. Mlima uko mbali, upande wa Geita, siku kadhaa za kutembea, na Julai ya kwetu ina mambo mawili kwa siku moja: alfajiri baridi inakata, mchana jua linachoma na vumbi limekauka kama unga. Baba yako alileta gambuti zake za kwenye duara, shimo lao la kuchimbia dhahabu, akazisafisha mpaka zinang'aa. Bibi yako akazivaa, akazunguka uwanja mara moja, akakaa.

"Vipi, mama?" baba yako akauliza.

"Humu ndani nasikia ugali unachemka."

Alikuwa na katambuga zake, mwanangu. Zile ndala nzito zinazokatwa kwenye tairi la gari. Za kwake zilikatwa kufuata unyayo wake, pana mbele, na kwa miaka aliyozivaa zilikuwa zimejua kila kidole kinakaa wapi. Nikamnunulia soksi nene za mtumba, nikamfundisha kupaka mafuta kwenye visigino kila asubuhi ili baridi isivipasue. Alitembea nazo hivyo, soksi na katambuga, kwenda mashineni kusaga na kurudi. Majirani walicheka wakachoka. Mimi nilikuwa na raba za kijivu za mtumba, laini, nilizozizoea. Tulikuwa tayari kabisa.

Halafu ikatangazwa sare.

Unawajua watu wetu na sare. Harusi ina sare, msiba una sare, kikundi cha kuweka na kukopa kina sare, hata kumpokea mgeni stendi kuna siku watu watavaa sare. Sina ugomvi nayo. Kitenge cha hija nilikipenda na bado ninacho, ndicho nilichokuwa nakubebea mgongoni. Lakini mwaka ule kamati ilitaka sare ishuke mpaka miguuni. Raba nyeupe za turubai, soli nyembamba kama chapati ya mtu bahili. Zilinunuliwa kwa jumla mjini, na aliyenunua alifikiri wanawake wote wa Kisukuma wana mguu mmoja.

Ubaya mkubwa haukuwa hata huo. Mwenyekiti alisema viatu vitagawiwa mbele ya altare, asubuhi ileile ya kuondoka, ili padri avibariki vikiwa vipya. "Marufuku kuvivaa kabla," akatangaza. "Mtavichafua." Nikamwangalia bibi yako. Bibi yako alikuwa anaangalia miguu yake.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Tukapanga foleni, kila mmoja anavua alivyovaa na kuvitia kwenye gunia la kubaki kanisani, anapokea raba. Mbele yangu alikuwa Mama Shija, mpishi wetu wa safari, mwanamke wa mwili na sauti. Akazigeuza zake huku na huku.

"Mwenyekiti, shikamoo. Hizi umenipa mimi au umempa mwanangu?"

"Marahaba. Kanyaga tu, zitatanuka."

"Zitatanuka zenyewe, au mimi nitapungua?"

Watu wakacheka, naye Mwenyekiti akacheka, foleni ikasogea. Zamu ya bibi yako ilipofika nikasema, "Mwenyekiti, mama ana sukari, aachwe na katambuga zake." Akanijibu kwa upole kabisa, ndiyo maana sikupata pa kushika: "Mama Limi, tukimwachia mmoja tutawaachia wote. Kule mlimani tunaingia kama watu wamoja." Nikafungua mdomo. Bibi yako akanibana kiwiko. Akavua katambuga, akasema mbele ya altare kwamba atavaa sare kama wenzake, akaingiza miguu yake mipana ndani ya zile raba nyeupe. Niliiona turubai ikivutika kama ngozi ya ngoma.

Sasa sikiliza kitu kuhusu baridi, maana hakuna aliyeniambia mimi. Baridi inaficha maumivu. Tulipita kando ya uzio wa mgodi wa Buzwagi kabla jua halijachomoza, tunaimba, vidole vimekufa ganzi, tunajiona wepesi. Unaweza kuchubuka ngozi yote asubuhi usijue. Jua linapokuja, mguu unaamka, na unaamka kwa hasira. Na mwenye sukari, mwanangu, mguu wake hauamki hata hapo. Bibi yako alikuwa anatembea juu ya mguu usiompa habari.

Tulipoacha lami na kuingia mbugani mambo yakawa wazi. Ule udongo mweusi ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na kando yake yote ni migunga, miiba imetapakaa. Wanawake walianza kuchechemea mmoja mmoja. Mama Shija alikanyaga visigino vya raba zake akawa anaziburuta kama ndala. Mimi kucha za vidole gumba zilikuwa zinagonga mbele kila hatua, zikageuka rangi ya zambarau. Niliuma meno. Niliona aibu kulalamika wakati mtu mwenye umri wa bibi yako halalamiki.

Kila tulipopumzika nilimwomba nimkague miguu. Kila mara anasema, "Badaye, ng'wanone." Mwanangu, anasema, badaye. Nikaja kugundua kwa nini. Alikuwa amechukua wembe akapasua raba zote mbili kwa mbele ili vidole vitoke nje, na alikuwa anaficha kwa kushusha kitenge mpaka kinafagia vumbi.

Aliyeona wa kwanza ni Mwenyekiti.

Alikuwa anakuja nyuma na gari la mizigo, lenye masufuria na magodoro. Mbele yetu kulikuwa na kijiji ambacho wangetupokea kwa ngoma, na mpiga picha alikuwa ameshatangulia. Akashusha kioo. Akaangalia chini ya kitenge cha bibi yako, kilichokuwa kimepeperuka kwa upepo.

"Bibi! Umeharibu sare."

"Nimeipunguza mdomo tu, baba."

"Hapana, hapana. Ukitokea hivyo kwenye picha tutaonekanaje? Panda gari, utashuka tukishavuka kijiji."

"Sipandi, baba. Niliahidi miguu."

Akanigeukia mimi. "Mama Limi, mshike mkono mama mkwe wako umpandishe. Tunachelewa picha."

Sikuinua mkono kumshika. Nilipiga magoti pale vumbini nikainua kitenge, nikamvua raba bila kuomba ruhusa, kitu ambacho mkwe hafanyi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, ngozi imevutika inang'aa. Haikuwa imepasuka. Nilikipapasa chote, nikaangalia katikati ya vidole, chini ya unyayo, kisiginoni. Haikuwa imepasuka. Lakini ilikuwa imebaki kidogo sana, labda kufika kile kijiji tu. Nikamwuliza, "Mayu, mama yangu, hapa nikigusa unasikia?" Akasema, "Unagusa wapi?"

Nikasimama. Nikaenda dirishani. Nikamwamkia kwanza, kwa maana nimelelewa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Wewe umevaa nini mguuni?"

Nikafungua mlango wa gari lake mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya kahawia, vya zamani, vimekunjika vizuri kwenye kisigino kama paka aliyelala.

"Na zako za sare ziko wapi?"

"Zipo. Nimezitunza za kuingilia mlimani, zisichafuke."

Ndipo nilipovua zangu nikazipanga kwenye boneti, nikakaa chini barabarani. Nilisema mengi, Limi, mengine sitayaandika. Nilisema kama mguu wa mama mkwe wangu ukikatwa, yeye ndiye atakayemweleza baba yako, na baba yako anatembea na sururu. Nilisema Mungu hakuomba picha. Mama Shija akaja akakaa pembeni yangu, akapanga raba zake juu ya zangu. Wakafuata wengine. Boneti ikajaa. Wachunga ng'ombe waliokuwa wanasubiri kuvuka wakaamua kukaa nao kutazama.

"Sare ni sare, Mwenyekiti!" Mama Shija akapaza sauti. "Toa zako kwenye mfuko uvae, tutembee wote mpaka kijijini. Ukifika mzima, na sisi tunavaa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanamume mwenye cheo hawezi kukataa vigelegele. Akashuka, akatoa raba zake kwenye mfuko, nyeupe pe, bado zina karatasi ndani. Akazifunga kamba taratibu, akitukodolea macho, akaanza kutembea peke yake mbele kama bwana harusi. Alitembea vizuri. Alipofika kwenye ule mgunga wa kwanza akaruka, akashika mguu, akakaa chini pale pale alipokuwa. Mwiba ulikuwa umepita kwenye soli kama sindano kwenye kitambaa.

Hakuna aliyecheka. Hata Mama Shija. Tulijua sote unavyouma.

Nilipofika alikuwa anauchomoa kwa kucha. Bila kuniangalia akasema, "Mwaka jana tulipofika kule, watu wa mjini walitupiga picha za simu. Wanatunyooshea vidole miguuni. Wanasema tazama, wa porini wamekuja na matairi. Mama yangu alikuwepo. Alificha miguu yake chini ya benchi siku nzima." Akafuta damu kwa kidole. "Nilitaka mwaka huu asifiche mtu."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini ilikosa mahali pa kukaa.

Bibi yako ndiye aliyejibu. Alikuwa amekuja peku, anakanyaga polepole akichagua pa kuweka mguu. Akamwambia Mwenyekiti, "Baba, mama yako alificha miguu yake kwa sababu wewe uliinamisha kichwa. Angekuona unacheka nao asingeificha." Kisha akanigeukia mimi, nikadhani nitapongezwa.

"Na wewe, ng'wanone. Umesema kweli tupu, lakini umeisema kwa ng'ombe. Kesho hawa wote watakumbuka ulivyokaa chini, hakuna atakayekumbuka ulichodai. Una elimu, una kalamu. Tukirudi, kaiandike, uipeleke kikaoni mahali ambapo mtu akishasikia hawezi kusema alikuwa mbali."

Nilisikia uso wangu unawaka. Nikasema, "Sawa, mayu. Lakini leo unavaa nini?"

Akamwita Mama Shija. "Mama Shija, lile sufuria kubwa la ugali, ndani kuna kitu nimefunga kwenye khanga."

Mama Shija akaenda garini, akafunua sufuria, akapiga kelele. Katambuga. Zimelala humo na soksi zake, zimefungwa vizuri kabisa.

"Mayu!" nikasema. "Si ulisema mbele ya altare?"

"Nilisema nitavaa sare. Nikavaa. Kisha nikazitoa zangu guniani. Sikusema kwamba nitakuja bila katambuga."

"Mimi nimepika humu toka asubuhi?" Mama Shija akauliza.

"Hukupika. Ulikuwa unatumia lile dogo. Nilikuwa nakuangalia."

Mwenyekiti alicheka mpaka akasahau mguu. Nesi wa zahanati ya kijiji tulichokuwa tunakiendea alimkagua bibi yako, akasafisha kile kidole, akasema ngozi ni nzima, avae alichokizoea, soksi safi, na akaguliwe kila kituo, asubuhi na jioni. Baada ya hapo bibi yako hakuthubutu kuniambia badaye. Mwenyekiti aliwapa gari waliochubuka vibaya, akarudi kwenye viatu vyake vya kahawia, akatembea na sisi mpaka mwisho. Mimi nilitembea na ndala nilizoazimwa na soksi za baba yako nilizokuwa nazo kwenye begi, na kucha zangu zote mbili zilikwenda. Zimeota tena. Moja imeota upande.

Tukaingia mlimani kila mtu na lake mguuni. Palikuwa na ubaridi mzuri wa asubuhi, ukungu umekaa chini yetu. Bibi yako alipanda na katambuga zake, soksi nyekundu, kichwa juu. Walikuwepo watu wa mjini na simu zao, na mmoja alimpiga picha. Mwenyekiti akamsogelea bibi yako, akamshika bega, akasema, "Tupige na mimi." Akasogeza mguu wake wenye plasta mbele ili uonekane. Bibi yako alipofika kwenye msalaba alitaja jina lako mara moja tu, akakaa kwenye jiwe, akasema, "Wabeja, asante Mungu. Nimemaliza." Sijawahi kumwona ameshiba furaha namna ile bila kula.

Tuliporudi niliandika. Niliandika nikakata, nikaandika nikakata, maana rasimu ya kwanza ilikuwa matusi yenye mihuri. Bibi yako alinitaka nimsomee kwa sauti kila nilichoandika na kila alipokunja uso nilifuta. Barua iliposomwa kikaoni, Mwenyekiti aliyelalamikiwa alinyoosha mkono. Nikajiandaa kwa vita. Akasema, "Mwiba haumo. Na mwiba nao uandikwe." Ukaandikwa. Na Julai hii uliyoniona nakubeba kwenda kanisani asubuhi na blanketi, ulikuwa unaona kilichotokana nayo: viatu vimepangwa mbele ya altare, vya kila namna, vilivyochakaa, vyenye viraka, katambuga kwa katambuga, raba zilizooshwa zikabaki na madoa, na padri anavinyunyizia maji ya baraka bila kuuliza ni vya nani. Ulitaka kuvaa cha Mama Shija. Ulizama humo mpaka gotini.

Sasa nakuambia wazi, ili usije ukasema mama hakusema. Safari ndefu usiianze na kiatu kipya, hata kama kimebarikiwa, hata kama kimetoka kwa mtu unayemheshimu. Kivae kwanza wiki nyingi kwenye kazi zako za kawaida, kisimani, mashineni, sokoni, mpaka usahau kwamba umekivaa. Ukienda kununua nenda jioni, mguu ukiwa umeshachoka na kuvimba, na uende na soksi zile utakazotembea nazo. Vidole vipate pa kucheza mbele. Soli uibonyeze kwa kidole gumba. Ikibonyea, na mwiba utapita. Wakati wa baridi usiamini mguu usiouma asubuhi, simama uukague, na mwenzako umkague, hasa mzee, hasa anayesema badaye. Ukiwa na sukari, ongea na kliniki kabla hujaongea na kamati. Na mtu akikupangia kitu cha kuvaa katika mwili wako, mwangalie kwanza yeye mwenyewe amevaa nini.

Ukikasirika, kasirika. Mama yako hatakukataza hilo. Ila ukishamaliza kukaa barabarani, nyanyuka ukaandike.

Mungu akupe njia ndefu, Limi, na watu wa kukufunulia soksi jioni. Akulinde kucha zako zote kumi. Na siku utakapopanda ule mlima kwa miguu yako mwenyewe, ambayo leo mmoja unajaa kwenye kiganja changu, umtaje bibi yako pale juu kama yeye alivyokutaja wewe.

Hii hapa ndiyo barua, pamoja na ule mwiba wa kikaoni:

*

Kwa Halmashauri ya Walei, kigangoni kwetu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIATU VYA SARE VYA HIJA

Tumsifu Yesu Kristo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muumini wa kigango hiki na nilishiriki hija ya mwezi wa saba. Nalalamika rasmi kwamba mahujaji walivuliwa viatu walivyovizoea na kuvalishwa raba mpya asubuhi ya safari, zisizolingana na miguu yao, na kwamba hakuna aliyeulizwa habari ya afya yake. Mama mkwe wangu, mwenye ugonjwa wa sukari, nusura apate kidonda. Mahujaji wengi walichubuka na kupoteza kucha, nami nikiwemo.

Kwa ombi la Mwenyekiti wa kamati ya hija mwenyewe, naongeza kwamba soli za raba hizo zinapitisha mwiba, na kwamba amelithibitisha hilo.

Sina pingamizi na sare ya kitenge. Naelewa pia kwamba kamati ilitaka tusidharauliwe, na nia hiyo naiheshimu. Naomba yafuatayo: kila hujaji achague viatu vyake mwenyewe, wagonjwa na wazee wasikilizwe kwanza, gari liwe la waliochoka, si la picha, na hija ijayo viatu visiletwe kubarikiwa vikiwa vipya. Viletwe vikiwa vimeshatembea.

Wenu katika njia,
Mama Limi

Dole gumba la Bibi Milembe, shahidi. (Ni la mkono. La mguu bado linapumzika.)